Maharage Yaliyogoma Kuiva

Umewahi kukaa kwenye nyumba ambayo upawa una mwenyewe? Sisemi kiti cha baba mezani, wala kikombe cha bibi. Nasema upawa, ule wa kukorogea maharage, unaoning'inia kwenye msumari wake juu ya jiko, kila mtu anauona na mtu mmoja tu ndiye anayeushika. Kama hujawahi, basi sikiliza habari za Delfina, mke wa Macario, aliyeutazama upawa wa namna hiyo kwa miaka mitano na miezi mitatu bila kuutia mkono.

Nyumba yenyewe ilikuwa Cobán, mji wa milimani, mtaa wa juu, pale njia ya mawe inapokunja kabla ya kufika kanisani. Huko mvua hainyeshi ikaisha. Inashuka rasharasha nyembamba asubuhi, mchana na jioni, wenyewe wanaiita chipichipi, na nguo zikianikwa Jumatatu zinaanuliwa Alhamisi zikiwa bado na unyevu kwenye mishono. Kila kitu ndani ya nyumba kilinukia iliki, maana Macario alifanya kazi kwenye tanuri la kukaushia iliki bondeni, analala hukohuko wiki nzima na kurudi Jumamosi jioni, na koti lake lilikuwa limeshiba harufu ile mpaka hata likifuliwa maji ya kusuuzia yalinukia kama chai ya sikukuu.

Mwenye upawa alikuwa mama mkwe wake, Rosenda. Usidhani alikuwa mwanamke mkali. Alikuwa mfupi, mnene kidogo, na msuko mmoja wa mvi uliofika kiunoni, na aproni yenye mifuko miwili: mmoja wa kiberiti, mmoja wa vitunguu saumu. Ukitetemeka kwa baridi anakuvulia shali yake palepale. Lakini maharage yalikuwa na sheria. Chungu cha maharage meusi kina mkono mmoja. Aliyetia upawa mara ya kwanza ndiye atakayekoroga mpaka kinaepuliwa, na ukiingia mkono wa pili, hata wa mtoto mdogo, maharage yanakasirika. Yanagoma kuiva. Yanabaki kokoto huku kuni zinaisha. Rosenda hakuitunga yeye sheria hiyo. Mtaa mzima uliifuata. Nyumba nyingine, lakini, zilikuwa na vyungu viwili, au mama alikuwa anampisha mkamwana siku mbili tatu kwa wiki. Nyumba hii chungu kilikuwa kimoja, jiko moja, na mkono mmoja.

Na kile chungu ndicho kilichowalisha. Jumamosi maharage yanaliwa mazima, yakiogelea kwenye supu yake nyeusi. Jumapili yanapondwa na kuchujwa, yakawa uji mzito wa kuchovyea chapati za mahindi. Jumatatu yaliyobaki yanakaangwa kwa mafuta kidogo, yanageuzwa na kugeuzwa tena kwenye kikaango mpaka yanajikunja yenyewe kama mtoto aliyelala. Chungu kimoja, siku tatu, na hakuna aliyelala na njaa.

Delfina aliyachambua, punje kwa punje, akitoa vijiwe. Alisaga mahindi, akapiga chapati kwa viganja vyake mpaka majirani wakaujua mlio wa makofi yake. Mama mkwe alipomuuliza, "Mwanangu, leo unayataka mazito au mepesi?" alijibu, "Yoyote, mama." Miaka mitano ya yoyote.

Kumbe hakutaka yoyote. Delfina alizaliwa nchi ya joto, kando ya ziwa la Izabal, ambako maharage meusi yanapikwa na nazi. Mama yake alikuwa anakaa kizingitini, miguu ameinyoosha, anakuna nazi mbili, anakamua tui zito anaweka kando, kisha anakamua lile jepesi. Jepesi ni la kupikia, zito linatiwa mwisho, moto ukiwa umepunguzwa, na maharage yanageuka rangi yanakuwa kama udongo wa mtoni baada ya mvua. Mama huyo alifariki mwaka mmoja kabla ya harusi, na tangu hapo hakuna aliyempikia Delfina chakula kile. Nazi zilikuwepo sokoni Cobán, zinaletwa na malori kutoka pwani. Delfina alikuwa anazipita, anaigonga moja kwa kidole, anasikia maji yakicheza ndani, anaondoka.

Alichotaka ni kitu kidogo sana ukikisema: kuanzisha chungu kimoja kwa mkono wake mwenyewe, na tui la nazi, na watu wa nyumba ile wakae wale. Ila hakukisema. Na mwanzoni mwa mwezi ule dada yake, Elodia, alikuwa amemtumia salamu: mgahawa ulio karibu na gati kule ziwani unatafuta mpishi, chumba kipo, njoo. Delfina hakumwambia mumewe. Aliikunja ile salamu moyoni na kujipa ahadi moja. Basi la Jumatatu likimkuta bado anajibu yoyote, atalipanda.

Ikafika Jumamosi.

Saa sita mchana Rosenda aliteka maji, akatia maharage, nusu kitunguu, vitunguu saumu vitatu na maganda yake, akashusha upawa, akazungusha mara tatu, akaurudisha kwenye msumari. Birika la maji ya moto alilitega pembeni, maana maji baridi yakitiwa kwenye chungu kinachochemka yanayashtua maharage. Kisha akatoka uani kwenda kusuuza kitambaa. Mawe yalikuwa yameota ukungu. Delfina alisikia kishindo, halafu sauti ikisema kwa utulivu kabisa, "Nimeanguka."

Kifundo cha mkono wa kulia kilikuwa kimevimba kabla hawajamwinua. Wifi yake Delfina, Ofelia, dada mkubwa wa Macario, aliyekaa nyumba ya tatu, alikuja mbio na unga wa ngano mikononi.

"Mama, ulikuwa unacheza dansi na nani huko uani?"

"Na marehemu baba yako. Niite bajaji."

"Bajaji ya kwenda wapi?"

"Kwa mzee Eustaquio, mganga wa mifupa. Na wewe unakwenda na mimi, uniwekee kitu cha kuuma nisimtukane." Akamgeukia Delfina. "Mwanangu, moto uwe hivihivi, usiuzidishe. Maji yakipungua utaongeza ya birikani. Upawa, unajua."

"Najua, mama."

"Wifi," Ofelia akasema akiwa mlangoni, anajifuta unga kwenye sketi, "wewe na chungu hicho msitazamane sana. Mtapendana bure."

Bajaji ikaondoka ikikohoa. Delfina akavuta kigoda, akakaa.

Sasa jikoni palikuwa na sauti mbili tu. Chipichipi juu ya bati, na chungu. Ukisikiliza kwa muda mrefu huwezi tena kusema ipi ni ipi. Mvuke ulipanda, ukafika darini, haukupata pa kutokea, ukarudi chini taratibu na kuizunguka taa, misuko ya vitunguu, picha ya harusi. Koti kuukuu la Macario lilining'inia nyuma ya mlango, likapata joto, likaanza kutoa iliki. Delfina aliongeza maji mara moja. Akaongeza mara ya pili. Aliyaona maharage yakipanda juu, yanageuka, yanashuka, kama watu wanaooga ziwani ambao hawana haraka ya kutoka.

Alisimama ili ayaone vizuri. Ukuta wa jikoni ulikuwa umelowa, na ule unyevu ulikuwa na mwanga ndani yake, kama maji ya jioni kule gatini. Aliusikia mpapai wa kwao ukidondosha jani. Aliisikia ngalawa ya mtu ikigusa nguzo, tu, tu, tu. Na mama yake alikuwa kizingitini, miguu ameinyoosha, kifua kimelowa machicha ya nazi, anakuna bila kuangalia mikono yake.

"Umekonda," mama yake akasema.

"Huku kuna baridi, mama."

"Baridi haikondeshi mtu. Na mbona unakoroga kama unayeogopa kuamsha watu? Zungusha mpaka chini. Chini ndiko yanakolala."

Delfina akazungusha mpaka chini. Akahisi uzito wa maharage ukimfuata, mzunguko mmoja, na mwingine, na mwingine, na mkono wake ukawa hauna mwisho, ukaendelea mpaka ziwani. Alikuwa na raha ambayo hakuwa nayo tangu lini, hakukumbuka.

Ukuni ukapasuka, pa! Akafumbua macho.

Alikuwa amesimama mbele ya chungu, upawa mkononi mwake, na supu bado inazunguka.

Alisimamisha mkono. Kisha akaufuta upawa kwa kitambaa, akaurudisha kwenye msumari, akaukagua umekaa upande uleule, akarudi kukaa kwenye kigoda na mikono chini ya mapaja kama mtoto wa shule. Mkono wa kulia bado ulikuwa na joto.

Walirudi saa kumi. Rosenda alikuwa amefungwa kitambaa mpaka kwenye kiwiko, na dawa ya kuchua aliyopakwa ilinuka kafuri na kitu kingine, pengine mafuta ya mnyama ambaye hatajwi.

"Wiki tatu," Ofelia akatangaza. "Wiki tatu asishike kitu. Na amemtukana mzee wa watu hata hivyo."

"Nilimwambia ana mikono kama kwato. Si tusi hilo."

Rosenda alikwenda moja kwa moja kwenye chungu. Akachota kidogo kwa mkono wa kushoto.

"Mama, huo siyo mkono wako wa chungu," Ofelia akasema.

"Ni wangu, sijauazima."

"Ulioanza ni wa kulia."

"Mwili mmoja, mkono mmoja. Nyamaza, nisikie." Alizipuliza punje tatu zilizokuwa ndani ya upawa. Zilizoiva zikipulizwa ngozi yake inajikunja. Hizi hazikujikunja hata kidogo. Akabonyeza moja kwa kidole na gumba. Ikateleza, ikaruka, ikagonga sufuria ya chai, ting.

Saa kumi na moja hazikuwa zimeiva. Saa kumi na mbili Macario aliingia, nywele zimejaa matone madogomadogo ya mvua kama amemwagiwa sukari, akambusu mama yake utosini, akasikiliza habari ya mkono, akafunua kifuniko, akakirudisha.

"Mama, tangu tanuri lizimwe nimekuja nikinusa maharage haya akilini tu. Tunakula nini?"

"Tunakula subira."

"Ile nimekula wiki nzima."

Delfina alipiga chapati. Kofi, kofi, kofi. Alizipanga kwenye kitambaa, akazifunika, hakumwangalia mtu usoni. Saa kumi na mbili na nusu Rosenda alijaribu tena. Punje ilikuwa ngumu vilevile, na supu imeanza kuwa nyeusi bure. Akaweka upawa chini, kwenye meza, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

"Nani ametia mkono hapa?"

"Usinitazame mimi," Ofelia akasema. "Mimi sijawahi kuingia jiko hili kwa hiari yangu."

"Mimi nimekuja na njaa tu," Macario akasema.

Rosenda akaunusa mkono wake uliofungwa. Akakunja pua. "Basi ni hii dawa. Inanuka mpaka maharage yamechukia. Eustaquio atanisikia kesho kanisani."

Hapo Delfina alipata mlango wa kutokea. Delfina angenyamaza tu, dawa ya mzee Eustaquio ingebeba lawama, wangecheka, wangekula chapati na chumvi, na Jumatatu basi lingepita, naye angelipanda. Alizitazama chapati zake. Zilikuwa thelathini na moja, zote za mviringo mmoja.

"Ni mimi, mama," akasema. "Nimekoroga mimi."

Chipichipi ikasikika tena juu ya bati.

"Wewe?" Rosenda akasema. "Umekoroga kwa nini?"

"Nilikuwa usingizini."

"Kwenye kigoda?"

"Nimesimama."

Ofelia akapiga paja. "Jamani! Wifi analala wima kama farasi! Miaka yote hii nasema ni mtu wa maombi, kumbe analala!"

"Ofelia, nenda kapige kelele kwako." Rosenda alivuta kigoda, akakaa mbele ya Delfina, karibu kabisa, magoti yao yakakaribia kugusana. "Ulimwota nani?"

Delfina hakutegemea swali hilo. Alitegemea jingine. "Mama yangu," akasema.

"Alikuja?"

"Alikuja. Alikuwa anakuna nazi."

"Alisema nini?"

"Alisema nimekonda. Na kwamba nakoroga kama ninayeogopa kuamsha watu."

Rosenda aliyafikiria maneno hayo kwa uzito, kama vile yamesemwa na jirani anayemjua. "Na ni kweli? Ndivyo unavyokoroga?"

"Sijui, mama," Delfina akasema. "Sijawahi kukoroga hapa."

Macario, aliyekuwa amechukua chapati kwa wizi, akairudisha kwenye kitambaa. Rosenda aliutazama ule upawa pale mezani. Mpini wake ulikuwa umeliwa shimo upande mmoja na gumba lake, na kabla ya lake, gumba la mama mkwe wake yeye, mwanamke aliyeitwa Cipriana, ambaye Rosenda alimngojea miaka kumi na moja. Rosenda alishika upawa kwa mara ya kwanza siku ya tatu ya matanga ya mkwewe huyo, na chungu kile alikikoroga akilia, na hakujua mpaka leo alikuwa anamlilia Cipriana au anafurahi. Hilo hakulisema. Alisema jingine.

"Basi na mimi niseme langu. Haya maharage ni ya mwaka juzi."

"Nini?" Ofelia akasema.

"Yale ya chini ya gunia. Muuzaji alitaka kuyamwaga, akanipa kwa bei ya bure. Nilijua yatachelewa. Sikujua yatachelewa namna hii."

"Mama! Yaani unatafuta mchawi nyumba nzima, na mchawi ni kikapu chako!"

"Nimesema yatachelewa, sijasema hayataiva. Kuchelewa ni kwa uzee wake. Kugoma ni kwa mkono wa pili. Yote mawili yamo." Hakukubali zaidi ya hapo, na hakuna aliyemlazimisha. Akauchukua upawa kwa mkono wake mzima, akaugeuza, akauelekeza mpini kwa Delfina. "Shika. Chungu kimeshakujua, mimi siwezi kukidanganya tena leo. Na zungusha mpaka chini, kama ulivyoambiwa."

Delfina akashika. Mpini haukumkaa, gumba lake lilikuwa refu kuliko lile shimo. Akashika hivyohivyo. Akazungusha, na mara ya kwanza kweli alikoroga kama mwizi, Ofelia akatoa kikohozi kidogo cha makusudi, naye akatia nguvu. Kutoka chini zikapanda punje ambazo hazikuwa zimeonekana tangu mchana, na mvuke mwingine mpya, mzito, ukamfunika uso.

Walingoja. Walikula chapati za mwanzo na chumvi na ile pilipili nyekundu ya moshi, wakanywa kahawa nyepesi, Ofelia akasimulia jinsi mama yao alivyomwambia mzee Eustaquio kuhusu kwato. Macario alisinzia akiwa amekaa, kidevu kifuani, na iliki ikipanda kutoka kwenye shingo yake. Nje mtaa ulikuwa umefutika, taa za watu zimebaki kama maboga yanayoelea. Delfina akaongeza maji ya moto, akakoroga, akaongeza ukuni mmoja, akakoroga. Mwisho akatia chumvi na kitawi cha apasote, majani yale ya harufu kali, maana chungu hiki kilikuwa kimeanzishwa na Rosenda na ladha yake ilikuwa ya Rosenda. Alichota punje tatu. Akapuliza.

Ngozi zikajikunja, nyembamba kama karatasi ya kitunguu.

"Haya, amkeni," akasema.

Walikula kwenye mabakuli ya udongo, supu nyeusi inang'aa, jibini kavu limesagwa juu kama majivu meupe, ndimu, pilipili. Maharage ya mwaka juzi, yaliyochemka saa nane nzima, yalikuwa yamekuwa laini kuliko ya msimu, yanayeyuka kabla ya kutafunwa. Macario aliomba tena, kisha akaomba mara ya tatu, na kila mara alinyoosha bakuli kwa mama yake, na mama yake akalisukuma kwa kidole mpaka mbele ya Delfina.

"Aliyeshika upawa ndiye anayepakua," akasema. "Mkono huu ni wiki tatu. Jumamosi ijayo chungu utakianza wewe, mwanangu, na inayofuata pia. Sasa niambie nikanunue nini sokoni. Utayapikaje?"

Delfina akaweka kijiko chini. Neno la siku zote lilikuwa tayari mdomoni, jepesi, limezoea njia. Alilimeza.

"Mama," akasema, "nilikuwa niondoke Jumatatu. Kwa Elodia."

Macario alinyanyua kichwa. Ofelia alisimama na chapati nusu mdomoni, nusu nje. Ila Rosenda hakugeuza macho yake. Alingoja tu, kama anavyongojwa mtu anayepanda mlima na mzigo.

"Nimechoka kusema yoyote," Delfina akasema. "Sitaki yoyote. Nataka niyapike na tui la nazi, kama alivyopika mama yangu. Nazi mbili, nitazichagua mwenyewe, nitazikuna mwenyewe. Apasote sitii hata jani. Na nyinyi mkae hapa mle, mniambie mmeyaonaje. Hicho ndicho ninachotaka."